Jasho, udi na upepo: nijiandaeje kabla ya kuwinda kulungu kwa upinde?

*"Shikamoo mtaalamu. Nakaa Tabata, nina miaka 36. Mwezi wa kumi, Mungu akipenda, naenda kumtembelea kaka yangu Virginia, Marekani. Yeye huwinda kulungu kwa upinde, na ameshaniombea nafasi kwenye shamba la rafiki yake chini ya milima ya Blue Ridge, wiki ya kwanza ya msimu. Upinde wa kapi nimeufanyia mazoezi mwaka mzima, mita 20 napiga bila wasiwasi. Tatizo ni harufu. Kaka amenitumia orodha ya vitu vya kununua: suti ya kaboni, dawa ya kupuliza ya kuua harufu, mashine ya ozoni, harufu ya kicheche ya kupaka buti, na chupa ya mkojo wa kulungu jike mwenye joto, yaani aliye tayari kupandwa. Vyote vinapita dola 500. Mimi natoka jasho kuliko watu wengi, na nyumbani kwetu nguo zote zinafukizwa udi. Mjomba wangu wa Rufiji anasema hizo ni hela za kutupa, nijipake mavi ya mnyama tu. Ninunue kipi? Na mtu wa jasho kama mimi ana bahati yoyote?"*

Marahaba, mwanangu. Bahati unayo, tena sawa na ya kaka yako. Orodha yake nitaipitia kitu kimoja kimoja, lakini nianze na jambo ambalo halimo ndani yake, kwa sababu ndilo litakaloamua kama kulungu atakufikia mita 20 au atageuka akiwa bado mita 100: upepo unatoka wapi na unakwenda wapi. Mimi nimekaa porini huku kwetu miaka mingi, na nilipokuwa masomoni Marekani nilikaa kwenye madungu ya juu ya miti ya Virginia misimu miwili. Kila mnyama aliyenikimbia kwa sababu ya harufu, huku na kule, alikuwa upande ule upepo ulikokuwa unaelekea. Sikumbuki hata mmoja aliyenisikia harufu akiwa upande upepo unakotoka.

Kwanza umjue mnyama mwenyewe, maana jina la kulungu linatuchanganya. Wengi wetu tukisema kulungu tunamfikiria pongo au jamaa zake. Kulungu wa mkia mweupe wa Marekani ni wa ukoo mwingine kabisa. Dume huangusha pembe zake kila mwaka na kuotesha mpya, jambo ambalo pongo, kuro na swala pala hawalifanyi, na kusini mwa Sahara hatuna mnyama wa asili hata mmoja wa ukoo huo. Ila kwa pua, huyu na pongo wa mjomba wako ni ndugu. Ndani ya pua yake ndefu mna mikunjo mingi ya utando laini, na hewa ikipita pale harufu inanaswa na kuchambuliwa. Juu ya hiyo ana kiungo cha Jacobson kwenye kaakaa. Utamwona dume akinusa mkojo wa jike, kisha anainua kichwa na kukunja mdomo wa juu. Hapo anapeleka harufu kwenye kiungo hicho ili ajue jike yuko katika hali gani. Tezi za harufu anazo katikati ya kwato, ndani ya goti la mguu wa nyuma, kwenye paji la uso na pembeni mwa macho. Kwake harufu ni habari, kama kwetu sisi salamu na magazeti.

Ndiyo maana neno "kuua harufu" linanisumbua. Harufu yako huwezi kuiua ukiwa hai. Unapumua, na pumzi ina harufu. Ngozi inabanduka vipande vidogo vidogo mchana na usiku. Nywele, masikio, mdomo, vyote vinatoa kitu. Dawa ya kupuliza juu ya koti haifiki huko.

Halafu kuna imani ya pili, kwamba harufu kali ikiwekwa juu itafunika ya kwako. Nenda Feri asubuhi usimame karibu na wanaokaanga samaki. Unasikia samaki wabichi, mafuta ya moto, moshi wa dizeli wa pantoni, chumvi ya bahari, na mama anayepita na kahawa ya tangawizi. Zote kwa pamoja, na kila moja unaitambua. Dizeli haijakuzuia kusikia kahawa. Sasa kama pua yako ya kibinadamu, ambayo ni dhaifu, inaweza kutenganisha harufu tano, kulungu anayekutana na harufu ya kicheche uliyopaka kwenye buti zako atasikia kicheche, na pembeni yake atasikia mtu. Mavi ya mnyama anayosema mjomba yana hesabu ileile, na yana vimelea na bakteria ambao sitaki uwapeleke karibu na macho na mdomo wako. Mheshimu mjomba, ila hapo usimfuate.

Sasa jasho lako. Jasho bichi likitoka kwenye ngozi karibu halina harufu. Harufu inatengenezwa na bakteria wanaoishi juu ya ngozi, hasa makwapani na sehemu za siri, ambako tezi hutoa jasho lenye mafuta na protini. Bakteria wanakula vitu hivyo na kuacha asidi zinazopaa hewani, na hizo ndizo zinazonuka. Kwa hiyo mtu wa jasho jingi aliyeoga muda si mrefu, akavaa nguo safi na kukaa mkavu, anaweza kunuka kidogo kuliko mtu wa jasho dogo aliyevaa fulana ya jana. Adui yako ni jasho lililokaa, kwenye nguo iliyokaa.

Na usafi una faida ya kweli, hata kama hauui kitu. Kulungu hapimi harufu kwa ndiyo au hapana peke yake. Anapima imekolea kiasi gani, ni mbichi au ya zamani, na iko mahali anapoitegemea au la. Wale wanaoishi nyuma ya nyumba za watu wanasikia harufu ya binadamu kila siku na wanaendelea kula maua ya bustani. Harufu hiyohiyo ikiwa kali, ndani ya kichaka anacholalia, saa ambayo hakuna mtu anayepita huko, anaondoka. Ukipunguza nguvu yake unaweza kumfanya asite badala ya kukimbia, au afikiri ulipita asubuhi. Kwa mpiga upinde, anayehitaji mnyama asogee karibu na asimame sekunde chache, sekunde hizo ni mali.

Suti ya kaboni: kaboni iliyotayarishwa kweli hunasa molekuli za harufu, hilo si uongo. Lakini nafasi za kunasia hujaa, na kuzisafisha zirudi kama mpya kunahitaji joto la mamia ya nyuzi, ambalo mashine ya kukaushia nguo nyumbani haifiki. Na suti inafunika kiwiliwili wakati kichwa kinapumua nje. Mwaka 2002 lilichapishwa jaribio la Marekani lililotumia mbwa wa kutafuta watu: mbwa waliwapata karibu wote, waliovaa nguo za kunasa harufu na waliovaa za kawaida. Kama kaka anayo ya zamani akakuazima, vaa. Usiinunue.

Mashine ya ozoni siitaki kabisa. Ozoni inaharibu baadhi ya molekuli za harufu, ndiyo, lakini inafanya hivyo kwa sababu ni gesi kali, na ukali huohuo unafanya kazi kwenye mapafu yako. Ukiwa na pumu, hata ukiwa nayo kidogo ya utotoni, usikae chumba kimoja nayo wala kwenye gari.

Dawa ya kupuliza ina faida ndogo ya kweli kwenye buti, mkoba na kamba. Chupa moja inatosha, na kaka lazima anayo.

Nikae kidogo kwenye chupa ya mkojo, kwa sababu hapo si suala la hela tu. Kaka yako amesikia habari za madume yanayokimbilia harufu ya jike mwenye joto, na habari hizo ni za kweli, ila ni za mwezi wa kumi na moja. Kupandana kwa kulungu wa mkia mweupe kunaongozwa na kufupika kwa mchana. Virginia kilele chake ni katikati ya Novemba. Wiki ya kwanza ya Oktoba majike hayana joto bado, na madume makubwa ndiyo kwanza yametoka kumaliza kung'oa ile ngozi laini ya kwenye pembe. Mawazo yake yako kwenye chakula. Ukimwaga harufu ya jike mwenye joto wakati huo, unatangaza jambo ambalo kila kulungu wa pale anajua haliwezekani. Dume changa linaweza kuja kwa udadisi. Jike mzee, ambaye ndiye mlinzi mkali kuliko wote, anaweza kushtuka na kuondoka na kundi lake.

Kubwa zaidi ni sheria na ugonjwa. Kuna maradhi ya kulungu yanayosababishwa na prioni, protini iliyokunjika vibaya ambayo inaharibu ubongo polepole hadi mnyama anakonda na kufa. Yalionekana kwanza Colorado mwaka 1967, na Virginia kulungu wa kwanza mwenye maradhi hayo alipatikana mwaka 2009. Prioni hutoka kwenye mate, mavi na mkojo, na ikishaingia udongoni inakaa miaka. Chupa za mkojo hutoka kwa kulungu wanaofugwa, na kumwaga mkojo wa kulungu wa mbali msituni ni kubahatisha na wanyama wa eneo zima. Kwa sababu hiyo Virginia ilipiga marufuku tangu Julai 2015 kutumia mkojo wa asili wa kulungu kwenye uwindaji. Hata kuwa nao mkononi ukiwa unawinda ni kosa. Pengine kaka yako aliizoea chupa hiyo katika jimbo jingine, maana kila jimbo lina lake. Mwambie kwa upole, kama mdogo wake, lakini mwambie. Mgeni mwenye viza asikamatwe na kosa la chupa.

Hadi leo hakuna mtu aliyethibitika kuugua kwa kula nyama ya kulungu mwenye maradhi hayo. Hata hivyo ushauri wa mamlaka za afya kule ni kupima mnyama aliyetoka eneo lililoathirika kabla ya kula, na kutokula akionekana anao. Kupika hakuiharibu prioni. Kaka aulize kama shamba la rafiki yake liko ndani ya eneo hilo, na vichwa vinapelekwa wapi kupimwa.

Je, hakuna harufu yoyote yenye maana mwanzoni mwa msimu? Ipo moja. Kulungu, madume na majike, wana desturi ya kupita kwenye tawi linaloning'inia usawa wa uso, kulinusa, kulilamba na kusugua paji la uso. Ni kama ubao wa matangazo wa mtaa, na unatumika mwaka mzima, si wakati wa kupandana tu. Mkiona tawi la namna hiyo, au mkining'iniza moja pembeni mwa njia yao bila kupaka kitu chochote, kulungu anayepita anaweza kusimama hapo akiwa amegeuza kichwa. Ila ujue sehemu kubwa ya kutembelea matawi hayo na mikwaruzo ya chini yake ni usiku, saa ambazo wewe hutakiwi kuwinda. Litumie kumsimamisha mnyama ambaye tayari anapita. Kumwita kutoka mbali haliwezi. Na msiweke mahindi wala chumvi chini yake. Kuwinda juu ya chambo Virginia ni kosa.

Sasa tuje kwenye upepo, na hapa mtu wa Dar ana elimu ambayo wawindaji wengi wa kule wanaitafuta kwa shida.

Unawajua wavuvi wa Kunduchi na Msasani. Wanatoka alfajiri kwa umande, ule upepo mwepesi wa bara unaosukuma ngalawa kwenda baharini kabla jua halijakolea. Mchana nchi kavu ikipata moto, hewa yake inapanda, na hewa ya baharini inaingia kushika nafasi yake. Ndio upepo unaowarudisha nyumbani. Kati ya hizo mbili kuna muda ambao hakuna upepo, tanga linalegea, hujui litashika upande gani. Hakuna mvuvi anayeshangaa. Nchi kavu inapata moto haraka na kupoa haraka kuliko maji, basi.

Weka mlima mahali pa nchi kavu na bonde mahali pa bahari, utakuwa umeelewa hewa ya Blue Ridge. Jua likipiga mteremko asubuhi, hewa iliyo juu ya udongo inapata moto na kupanda, na harufu yako inapanda nayo kuelekea kileleni. Jioni mteremko unapoa, hewa inakuwa nzito, na inateremka kama maji: inafuata mikondo, inajaa kwenye vijito, inatulia kwenye mabonde. Utabiri kwenye simu unaweza kusema upepo wa kaskazini magharibi, na pale ulipokaa harufu yako ikawa inateremka kusini taratibu kwa sababu jua limezama nyuma ya kilima. Simu inakuambia upepo mkuu. Haijui bonde lako.

Mwanzoni mwa Oktoba mambo haya yana nguvu zaidi, kwa sababu mchana bado una joto na usiku wa anga tupu unapoa haraka. Kule jua linachomoza karibu saa 1 na robo asubuhi na kuzama karibu saa 1 jioni. Kipindi kibaya kuliko vyote ni ile nusu saa hewa inapogeuka, pale tanga linapolegea. Jioni mageuzi hayo yanaangukia saa ileile kulungu anapotoka alikolala kwenda kula. Kwa hiyo usiulize tu, "Upepo uko wapi saa hizi?" Uliza, "Jua likishuka nyuma ya mti ule, harufu yangu itateremkia wapi, na kulungu atakuwa hapo?"

Jinsi ya kuiona hewa. Nilipoanza kazi Selous, kabla sehemu yake kubwa haijawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, mzee mmoja mfuata nyayo alikuwa na soksi yenye majivu yaliyochekechwa. Kila hatua chache anaipiga kidole, vumbi linatoka, anatazama, anabadilisha njia. Hakusema neno. Siku ya tatu nikamwomba na mimi nitengeneze yangu. Majivu yanakuonyesha hewa ya pale miguuni mwako. Ukitaka kuona inakokwenda baada ya mita 30 au 50, tumia sufi. Okota tumba la msufi lililopasuka, chomoa unyuzi mmoja, uachie. Utauona ukielea, ukizunguka nyuma ya mti, ukizama kwenye korongo, ukipanda tena. Mara ya kwanza utashangaa jinsi hewa isivyokwenda moja kwa moja. Usibebe sufi kwenye sanduku, maana Marekani ni wakali kwa mbegu na mazao ya mimea. Kule kuna mmea wa porini wenye utomvu mweupe ambao mbegu zake zina manyoya kama hayo, na wawindaji wa kule wanautumia. Kaka atakuonyesha.

Mazoezi fanya hapahapa. Nenda msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, lipa kiingilio, chukua mwongozaji, na uache upinde nyumbani, kwa sababu kuwinda bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Kaa juu ya mteremko saa 11 jioni na sufi mfukoni, achia unyuzi mmoja kila dakika 10 hadi saa ya kutoka, uandike umekwenda wapi. Fanya hivyo jioni nne. Utafika Virginia ukijua kitu ambacho hakiuzwi dukani.

Kuhusu mahali pa kukaa, wengi wanafikiri upepo mzuri ni ule unaotoka kwa kulungu moja kwa moja hadi usoni kwako. Ni salama kwako, lakini dume lililokomaa halipendi kutembea na upepo mgongoni. Hupenda njia ambayo pua yake inaona mbele. Ukisubiri upepo kamili kwako, mara nyingi unasubiri upepo ambao yeye hatembei. Wenye uzoefu wanatafuta upepo wa mshazari: yeye anaamini unamlinda, wewe harufu yako inampita pembeni kwa mita chache. Ni hesabu ya karibu sana, na kwa safari ya kwanza ningekuomba uiache kwa kaka. Wewe chukua ule wa usoni. Na kuweni na madungu mawili, pande mbili za shamba, ili siku upepo ukiwa mbaya kwa moja mwende lingine. Ukiwa mbaya kwa yote, msiende. Hilo ni gumu kwa mgeni mwenye siku 10 tu, najua. Lakini jioni moja ya upepo mbaya inaweza kuwafundisha kulungu wa pale kwamba kuna mtu juu ya mti ule, na jioni tisa zilizobaki zikalipia.

Njia ya kwenda na kurudi ina upepo wake pia. Usikatize njia yao. Pita kwenye maji au kwenye barabara ya trekta kama ipo. Buti za mpira zinaacha harufu kidogo ardhini kuliko za ngozi, na mikono isishike majani.

Kwa nguo, mambo ni mepesi. Waambie wa nyumbani kwako, kwa heshima zote, nguo za safari hiyo zisione chetezo, na zisikae kwenye sanduku lenye naftalini. Udi ni mzuri, ndiyo maana unadumu kwenye nyuzi. Zifue kwa sabuni isiyo na manukato, zianike nje hadi zikauke kabisa, uzifunge kwenye mfuko wa nailoni. Kabla ya kununua nguo za dola mia, pita mitumba ya Karume mapema utafute fulana nyembamba za sufu ya kondoo, mbili au tatu. Sufu haishiki harufu ya jasho kama poliesta. Ukiwa kule, tembea kwenda kwenye dungu ukiwa umevaa fulana moja tu, polepole kuliko unavyotaka, koti likiwa mkobani. Ukifika kaa dakika 10 upoe, jifute makwapa na shingo kwa kitambaa chenye maji, badilisha fulana, ile yenye jasho uifunge ndani ya mfuko. Hii peke yake itakusaidia kuliko suti. Mafuta ya gari yajazwe jana yake, si asubuhi ile ukiwa umevaa buti za kuwindia.

Kitu kimoja usikiache kwa kuogopa harufu: kinga ya kupe. Virginia ina kupe wanaoambukiza ugonjwa wa Lyme, na ina wengine ambao wakikuuma wanaweza kukuachia mzio wa nyama nyekundu, ng'ombe, mbuzi, nguruwe, unaokushika saa kadhaa baada ya kula. Kwa mtu wa nyama choma, huo ni msiba. Kuna dawa ya permethrini inayopuliziwa kwenye nguo na buti, si kwenye ngozi. Ikikauka karibu haina harufu. Ifanye siku mbili kabla. Kila usiku jikague nyuma ya magoti, kinena, makwapa na nywele. Ukipata alama nyekundu inayopanuka, homa, au maumivu ya viungo ndani ya wiki chache, nenda kwa daktari, na ukiwa umesharudi Dar umwambie wazi kwamba umeumwa na kupe Marekani, maana hataifikiria Lyme mwenyewe.

Na kuhusu jasho: kama umekuwa hivyo tangu ujana na baba yako alikuwa hivyo, ni mwili wako tu. Lakini kama limeanza karibuni, linalowesha shuka usiku, umekonda, au una kikohozi cha wiki mbili, nenda kituo cha afya upimwe kifua kikuu kabla ya kufikiria kulungu. Mimi ni mtu wa wanyama, hapo siwezi kukusaidia kwa maandishi.

Kaka aulize mapema Idara ya Rasilimali za Wanyamapori ya Virginia kuhusu leseni ya asiye mkazi na mafunzo ya mwindaji wa mara ya kwanza. Leseni ya mwanagenzi ipo, unawinda ukiwa chini ya uangalizi wa mtu mzima mwenye leseni. Na siku ya kwanza kabla ya msimu, upande dunguni na kaka mchana, upige mishale ukiwa juu. Mita 20 za kiwanja na mita 20 za kutoka juu ya mti si kitu kimoja.

Kwa hiyo katika dola 500, toa sabuni, toa permethrini, toa buti za mpira. Zinazobaki ziende kwanza kwenye mkanda wa mwili mzima wa kukufunga kwenye mti, pamoja na kamba ya kujifungia tangu mguu wa kwanza unapoacha ardhi. Wawindaji wa madungu huumia kwa kuanguka kuliko kwa jambo jingine lolote, na wengi wao huanguka wakiwa wanapanda au wanashuka. Usiazime wa kaka kama una miaka mingi au nyuzi zimechakaa. Nunua mpya, uvae hapa nyumbani, mwombe mtu akukaze mikanda ya mapaja, na ujifunze kuufunga gizani.